Dadu Iliangukia Kumi na Saba

Jumamosi, 8 Machi

Masika yameanza mapema. Mvua imepiga tangu alfajiri na barabara ya kuteremka Tegeta kutoka hapa Madale imeshakuwa tope. Binti yangu Herieth amekwenda kazini kwenye famasi yao na viatu mkononi.

Jana daktari alimwita nje akamwambia kwamba moyo wangu umechoka, hana dawa ya kuongeza, anipe raha tu. Alidhani mlango umefungwa. Nimefundisha historia miaka thelathini na sita na sasa nina miaka sabini na minane. Najua mtu anapoanza kuzungumziwa kwa wakati uliopita. Tulipofika nyumbani nikaomba daftari. Herieth akauliza la nini. Nikamwambia, la masika. Nikikiona kipupwe nitaomba jingine.

Kwa atakayelisoma bila kunijua: mimi ni Demetria, na kila Jumamosi saa tisa alasiri mimi ni msimulizi wa mchezo. Silipwi, najitolea. Tunakutana kwa simu, ndiyo tunayoiita meza, kwa sauti tu, kwa sababu picha zinakula bando. Mimi naeleza mji ambao haupo, unaitwa Lindazi, una milango tisa. Kila mchezaji ana mtu wake ndani ya mji huo na anamsemea. Wengine wote, wafalme, wezi, mbuzi, nawasemea mimi. Mtu akitaka kufanya jambo la hatari, dadu ndiyo inayoamua kama ataweza. Dadu yetu ina pande ishirini. Naitupa mimi, kwenye bakuli la bati, na wao wanasikia inavyolia. Hawaioni. Nikisema tisa, ni tisa.

Wachezaji wangu ni watatu. Bupe ni muuguzi, anakaa Sinza, alikuwa mwanafunzi wangu. Ndiye aliyenileta kwenye mchezo huu baada ya mume wangu kufa. Elinaza ni mwalimu wa shule ya msingi kule Kimbiji. Awadh ana duka la vitasa na bawaba Temeke, na mtu wake ni fundi kufuli aitwaye Sefu.

Siku nyingine zote mimi ni mgonjwa wa kukumbushwa vidonge. Jumamosi, kwa saa tatu, watu wazima watatu wananyamaza ili wanisikie.

Jumanne, 11 Machi

Miguu imevimba. Mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Leo Awadh kaleta jambo. Kanuni yetu ni kwamba mchezaji anaweza kuuliza swali juu ya maisha ya nyuma ya mtu wake, na msimulizi atalijibu. Akasema, "Bibi, nataka kujua habari ya Sefu na kaka yake."

"Sefu ana kaka?"

"Anaye. Kheri. Baba yao alipokuwa mahututi, Sefu alikuwa safarini. Baba akawa anamwita, 'Sefu, Sefu.' Kheri ndiye aliyekuwa nyumbani. Sefu alifika baba keshazikwa. Sasa Kheri anasema hakujua kama baba alikuwa anamwita. Mie nataka kujua: alijua au hakujua?"

"Braza Awadh," Elinaza akaingilia, "mwezi wa toba huu, umefunga, unatuletea misiba. Si tuendelee kuiba lile jiwe?"

"Nyamaza wee, mtu wa Kimbiji. Kaangalie korosho zako."

Nikamwambia Awadh anipe wiki moja nilitunge vizuri. Akasema, "Usilitunge. Litupie dadu. Moja mpaka kumi, alijua. Kumi na moja mpaka ishirini, hakujua."

"Kwa nini unaninyang'anya kazi yangu?"

"Wewe una huruma, Bibi. Dadu haina."

Nilifurahi. Msimulizi hufurahi mchezaji anapoleta kitu cha kwake.

Jumatano, 19 Machi

Umeme hakuna tangu jana. Herieth amepika kwa mkaa barazani akilalamika kwamba mama yake anatumia chaji ya simu kwa majini.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika hili jioni hii hii, moyo unakwenda mbio, na si ugonjwa.

Nilimleta Kheri mbele ya Sefu kwenye lango la saba. Nikamsemea kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa. Sefu akamwuliza. Nikasema, "Sasa natupa." Nikaiangusha dadu kwenye bakuli. Nilisikia muadhini wa alasiri upande wa Awadh.

Ilikuwa kumi na saba.

Nikaitazama. Kumi na saba maana yake Kheri hakujua. Maana yake ndugu wanakumbatiana langoni, tunasema alhamdulillah, tunarudi kwenye jiwe la Elinaza. Hadithi imekwisha kabla haijaanza.

Nikasema, "Nne."

Nilisikia pumzi tatu zikikatika kwa pamoja. Bupe alisema "Mungu wangu" polepole. Elinaza hakufanya utani wowote. Halafu Awadh, kwa sauti ya Sefu, akamwambia Kheri, "Ulijua." Nikamjibu kwa sauti ya Kheri, "Nilijua." Hakuna somo nililowahi kufundisha lililosikilizwa hivyo.

Nimewahi kuigeuza dadu mara mbili kabla ya hii. Mara zote nilikuwa namwokoa mtu asife. Kila msimulizi hufanya hivyo kidogo. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuigeuza ili mtu aumie. Lakini aliyeumia ni Sefu, na Sefu hayupo.

Jumapili, 23 Machi

Bupe ameniandikia ujumbe: "Mwalimu, jana sijalala. Wewe ni hatari." Nimeusoma mara tatu.

Jumamosi, 29 Machi

Sefu amemfungia kaka yake nje ya Lindazi. Ametengeneza kufuli isiyo na ufunguo. Awadh alicheza kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake. Bupe alipomwambia, "Si umsikilize kwanza?" akamkata: "Nimeshasikia. Dadu imesema."

Jumatatu, 31 Machi

Sikukuu ya Idi. Mvua kubwa. Awadh ametuma picha ya sinia la biriani na maneno "Ungekuwa karibu, Bibi." Mtu mwema.

Alhamisi, 3 Aprili

Awadh amepiga saa nne asubuhi. Hajawahi kunipigia nje ya Jumamosi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sikukuu imekwendaje?"

"Nyepesi, Bibi. Miaka kumi na moja sijala Idi nyepesi namna hii. Nimepiga kukushukuru."

Nikacheka nikamwuliza kwa lipi. Akanieleza, na kadiri alivyoendelea ndivyo nilivyozidi kushika ukingo wa kitanda.

Ana kaka. Anaitwa Jawad, anakaa Kigamboni. Baba yao alipozidiwa, Awadh alikuwa Mbeya kwenye biashara. Kwa simu aliambiwa ni homa tu. Akafika baba yuko kaburini siku ya pili. Jirani mmoja mwanamke akamnong'oneza kwamba wiki nzima alimsikia mzee kupitia ukutani akiita "Awadh, Awadh." Jawad akasema mzee alikuwa keshapotea kauli, yeye hakusikia jina la mtu. Tangu siku hiyo hawajasemezana.

"Sasa Jawad figo zimekwisha," Awadh akasema. "Yuko wodini. Kabla ya Ramadhani alituma mtu: nije, ana neno. Mke wangu ananisukuma, nenda, nenda. Mie sijui. Nikataka kuswali istikhara, ile sala ya kumwomba Mungu akuoneshe njia. Nikatandika mswala, nikaukunja. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Niliogopa Mungu ataniambia nenda. Nikasema, aaa, kuna dadu ya Bibi. Haimjui Jawad, hainijui mie, na Bibi mwenyewe hajui ninachouliza. Ikisema hakujua, nakwenda siku hiyo hiyo, nambusu mikono. Ikisema alijua, siendi, na sijilaumu mpaka naingia kaburini. Nikaweka nadhiri."

"Awadh, unatania."

"Wallahi sitanii. Najua ni dhambi, usimwambie mke wangu, Manal. Lakini umenitua mzigo, Bibi. Nimelala usingizi wa mtoto."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nakumbuka hata neno la kwanza lilikuwa lipi: "Subiri." Kilichotoka ni "Mungu akubariki." Akasema amina, akakata.

Nilikaa hapo mpaka Herieth aliporudi saa kumi na moja. Akadhani nimepata kiharusi. Alinishika uso, akaniambia nitabasamu, nitoe ulimi, niinue mikono. Nikainua.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Sikupiga.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimewaambia mezani sijisikii vizuri, tumeahirisha. Awadh akaandika, "Ugua pole, Bibi yetu." Sikujibu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Nimeliandika jina lake kwenye simu, nikalitazama mpaka kioo kikazima.

Jana nilidhani nitamwambia padri atakaponiletea komunyo. Alikuja, akakaa, akanywa chai. Nikaungama uvivu na maneno makali kwa Herieth. Padri hakuwa mezani. Anaweza kuniondolea mimi dhambi, lakini hawezi kumwambia Awadh kumi na saba.

Najiuliza nilichokiogopa ni nini hasa. Si hasira yake. Naogopa watajua kwamba nikisema tisa inaweza isiwe tisa, na hawatanyamaza tena ili wanisikie. Nimeliandika. Ni jambo dogo na ni la aibu, na ndilo linalomweka mtu mmoja wodini bila ndugu yake.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Sikupiga.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumecheza. Nilijiambia nitamwambia mwisho wa mchezo, wengine wakishatoka. Awadh alikuwa mchangamfu, anamtania Elinaza kwamba walimu wa Kimbiji wanafundisha hesabu kwa ndizi. Mwishoni akabaki yeye tu na mimi kwenye simu. Nikamsikia akipumua.

"Bibi, uko?"

"Nipo."

"Unaumwa sana?"

"Kidogo."

"Usife bwana. Nani atatupa dadu?"

Nikamuaga.

Jumanne, 15 Aprili

Nimebandika karatasi ukutani: MPIGIE. Herieth akauliza nimpigie nani. Nikamwambia fundi wa paa.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo sikupiga, nimepigiwa. Namba ngeni, sauti ya mwanamke, Kiswahili cha pwani safi, kila neno limekaa mahali pake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Manal, mke wa Awadh. Namba nimeitoa kwenye simu yake, na sioni haya. Nataka kumjua huyo sheikh wa kike anayempa mume wangu fatwa."

"Sijampa fatwa, mama."

"Basi umempa nini? Maana mie nimeolewa naye miaka kumi na tisa. Nimempikia, nimemzalia, nimemlilia aende kwa ndugu yake, hanisikii. Juzi nikambana, akaniambia 'dadu imesema'. Dadu! Nikadhani ameingia kamari. Kumbe kuna bibi Madale anatupa kijiwe bakulini na mume wangu anaswali nyuma yake!"

Akaendelea, na sasa ukali ulikuwa umeshuka.

"Bibi, nisikilize. Nimetoka wodini sasa hivi. Jawad amekataa kuunganishwa na mashine ya figo. Siku tatu hali chakula. Daktari kasema ni siku za kuhesabu. Kila mlango ukifunguliwa anageuza shingo. Kila mlango, bibi. Mie nimechoka kuiona hiyo shingo. Sijui ulimwambia nini mume wangu. Mwambie kingine."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Nikasema kesho.

"Kesho ni ya Mungu," akasema, akakata.

Nikampigia Awadh hapo hapo. Hakupokea. Mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne akaandika, "Niko na mzigo Bibi, nitakutafuta." Nikaanza kumwandikia. Niliandika "Dadu iliangukia" nikasimama. Jambo hili haliandikwi kwenye simu. Nilidanganya kwa mdomo, na kwa mdomo huo huo Awadh alikuwa anamtazama kaka yake.

Nimemwambia Herieth kesho anipeleke Temeke.

"Mama, Ijumaa Kuu. Na kwa moyo huo?"

"Kwa moyo huu huu. Mwingine sina."

Ijumaa, 18 Aprili

Nimelazwa kwenye mito mitatu. Herieth amenikataza kuandika, kwa hiyo naandika akiwa jikoni.

Tulikodi gari. Kuteremka tu kutoka hapa nyumbani mpaka lami kulichukua karibu saa nzima, gari linateleza kama sabuni, dereva anamtaja Yesu na mwenye barabara kwa zamu. Tulifika Temeke watu wametoka msikitini. Duka lake ni jembamba, vitasa vimening'inia mpaka darini. Sikuwahi kumwona. Ni mfupi kuliko sauti yake, ana ndevu za mvi kidogo, kanzu ya Ijumaa bado mwilini. Nilipomsalimia tu akaitambua sauti, akaruka kaunta.

"Bibi? Bibi wa Lindazi? Na mvua hii? Leta kiti! Sista, huyu bibi unamtoaje nyumbani hali hii?"

"Mwulize mwenyewe," Herieth akasema, akaenda kusimama mlangoni.

Nikakaa. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, utangulizi mzuri, kama mwalimu. Pumzi ikanikatalia utangulizi. Nikasema, "Awadh. Dadu iliangukia kumi na saba."

Hakuelewa. Bado alikuwa anatabasamu. "Ipi?"

"Ya Kheri. Ilikuwa kumi na saba. Mimi nikasema nne."

Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, kama taa iliyosahauliwa mchana. Akaingia mteja, kijana wa ujenzi, akauliza, "Mzee, kitasa cha mlango wa choo kipo?" Awadh akamtolea, akamwonesha kinavyofungwa, akamwambia asilipe sasa, aje baadaye. Kijana akatoka anashangaa. Hapo ndipo Awadh aliponigeukia.

"Ulisema nne."

"Nilisema nne."

"Kwa nini?"

"Hadithi ilikuwa nzuri zaidi."

Akacheka. Sijawahi kusikia kicheko kile na sitaki kukisikia tena. "Wiki nne," akasema. "Wiki nne Jawad anageuza shingo, kwa sababu hadithi ilikuwa nzuri zaidi."

"Sikujua kama unauliza kweli. Lakini tangu tarehe tatu nimejua, na nimenyamaza siku kumi na tano. Hizo ni zangu zote."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilitaka mwendelee kuniamini."

Akaegemea rafu, bawaba zikalia. Nikaona anahesabu kitu ambacho si dadu. Kisha akasema, taratibu, "Kwa hiyo hakujua. Jawad hakujua. Nimemwonea miaka kumi na moja."

Hilo sikulitegemea. Nilistuka kuliko aliponipigia ile asubuhi. Nilikuja kuondoa uongo mmoja, na mbele ya macho yangu alikuwa anajijengea mwingine kwa kutumia ukweli wangu.

"Hapana," nikamwambia. "Hata kumi na saba haijui kitu. Ile ni plastiki, Awadh. Haikuwa kwenye chumba alichofia baba yako. Aliyekuwepo ni Jawad. Mwulize Jawad."

"Usinifundishe, Bibi." Sauti yake ilipasuka. "Leo usinifundishe."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena kupiga mabati ya duka. Alisimama muda mrefu akinipa mgongo, mkono wake ukiwa juu ya kufuli moja kubwa, anaifungua na kuifunga.

"Sasa niende kwa lipi?" akauliza, hakumwuliza mtu. "Mwanzo ningekwenda kwa dadu. Sasa dadu hamna. Nadhiri hamna. Nikienda, nakwenda mie."

Sikujibu. Hilo angalau nililiweza.

Akamwita Herieth. "Sista, mrudishe mama nyumbani. Midomo imebadilika rangi." Alinishika mkono mpaka kwenye gari, kwa heshima, kama ambavyo angemshika bibi wa mtu mwingine yeyote. Hakusema tutaonana. Gari lilipogeuka nilimwona bado amesimama mlangoni, duka wazi, hafungi wala haingii.

Jumamosi, 19 Aprili

Saa tisa nilifungua meza, nimelala. Awadh hakuwepo. Nikawaambia Bupe na Elinaza yote, bila kuficha, na zile mara mbili za kwanza pia.

Bupe alilia. Anaifahamu shingo ile, amefanya kazi wodini miaka mingi. Hakunilaumu wala hakunitetea. Elinaza ndiye aliyeuliza.

"Mwalimu. Mtu wangu, pale mtoni mwaka jana. Alipozama, nikakuomba utupe, ukasema kumi na tisa. Akaibuka. Ile ilikuwa dadu au wewe?"

"Mimi. Dadu ilisema mbili."

Jogoo aliwika upande wake, huko Kimbiji.

"Basi alikufa," akasema. "Mwaka mzima namchezea maiti."

"Elinaza, nisamehe."

"Sijakasirika, mwalimu. Kwa heri." Akatoka mezani.

Bupe akabaki kidogo, akanihesabia mapigo ya moyo kwa simu, mimi nikijishika mkono na kumwambia kila unapopiga. Alipofika sitini akaacha, akasema nipumzike. Hatukupanga Jumamosi ijayo.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Mvua imekatika. Herieth amekwenda ibada ya kwanza akarudi. Nimeandika haya kwa vipande.

Saa sita simu ikaita. Awadh. Nyuma yake magurudumu ya kitanda, mtu anaita jina la muuguzi.

"Bibi."

Hakuniamkia. Nikasema, "Nipo."

"Niko wodini. Nimekuja jana asubuhi, sijaondoka." Akavuta pumzi. "Alijua."

Sikulielewa neno. Nikamwambia arudie.

"Alijua, Bibi. Jawad alijua. Sikumwuliza hata. Nimeingia tu, amegeuza shingo, kaniona, neno la kwanza: 'Alikuwa anakuita. Nilisikia.' Hata salamu hakunipa."

Nilisema nne kwa sababu ilipendeza, nikaitangua kwa sababu haikuwa kweli, nikampeleka mtu wodini kwa kumi na saba ambayo nayo haikuwa kweli. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua tena ni kwa ipi.

"Amesema kwa nini?"

"Amesema." Sauti yake ikashuka, nadhani alisogea ukutani. "Miezi minne alikuwa anamgeuza baba, anamwogesha, anamlisha kwa kijiko. Baba hakumwita yeye hata siku moja. Anaita 'Awadh, Awadh', na anayemfuta ni Jawad. Anasema usiku mmoja alimwambia, 'Baba, mie hapa, Jawad.' Baba akamwangalia, akasema, 'Wewe nani? Niitie Awadh.' Ndiyo akaiweka chini simu aliyotaka kunipigia. Amesema alitaka baba afe anamwita yeye. Akasubiri. Hakumwita."

Nilimsikia analia bila kujificha, mwanamume wa miaka karibu hamsini kwenye ukumbi wa watu.

"Umemjibu nini, mwanangu?"

"Bado. Tangu jana sijamjibu. Nimemkata kucha tu, zilikuwa ndefu. Bibi, mie ningejua hivi nisingekuja. Unaelewa? Ile nne yako ilikuwa kweli, na ningebaki nayo dukani. Nimekuja kwa sababu uliniambia ulidanganya."

"Naelewa."

"Mie sielewi." Akapenga kamasi. "Sasa hivi ameomba uji. Siku zote hizi hali, ameniomba mie uji wa ulezi, Manal kashika kichwa anashangaa. Nimetoka kuutafuta na huku nje wamefunga kote, Pasaka yenu hii. Ngoja. Pale ng'ambo kuna mama ana chupa na vikombe. Bibi, nakata simu, asije akaondoka."

Akakata. Nilisikia miguu yake imeshaanza kukimbia.